Pasaka ya Mbalamwezi, Bagamoyo

Krismasi unaijua tangu unapotundika kalenda mpya ukutani. Pasaka lazima uitafute. Ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hiyo mwaka mmoja huangukia Machi na mwaka mwingine ikasogea hadi karibu mwisho wa Aprili. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliwataka Wakristo wote waiadhimishe Jumapili moja, na hesabu iliyokuja kuenea makanisani ndiyo hiyo ya mwezi. Nilifundishwa hayo nilipokuwa najiandaa na kipaimara, nikayajibu vizuri, nikayaacha hukohuko.

Yalinirudia Bagamoyo, na walionirudishia ni wavuvi wa dagaa. Hawa kazi yao ni ya usiku na inategemea taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri. Dagaa hufuata mwanga. Ukiwasha taa katikati ya giza wanakusanyika chini ya chombo, nyavu zinashushwa. Ila usiku wa mbalamwezi bahari nzima ina mwanga na dagaa hawana haja na taa ya mtu. Ndiyo maana kila mwezi ukipevuka wavuvi hawa hupumzika: vyombo vinavutwa juu, nyavu zinashonwa, madeni yanalipwa, watu wanalala na wake zao. Na kwa kuwa Pasaka haiwezi kupita zaidi ya wiki moja kutoka mwezi mpevu, mara nyingi huwakuta nchi kavu. Waulize, watakuambia sikukuu ya Wakristo inakuja wakati wa njaa.

Mwaka ninaouzungumzia ni 2022. Pasaka ilikuwa tarehe 17 Aprili na mwezi ulikuwa umepevuka usiku uliotangulia, Jumamosi. Halafu kulikuwa na jambo jingine: ilikuwa Ramadhani, tena katikati yake hasa, maana mwezi wa Kiislamu huanza kwa mwandamo na kwa hiyo katikati yake daima ni mbalamwezi. Pasaka ya Wayahudi nayo ilikuwa wiki hiyohiyo. Mambo hayo huwa hayakutani mara nyingi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo Ramadhani inazunguka misimu yote kwa miaka kama 33. Safari hii ilikutana na Pasaka miaka mitatu mfululizo, 2022 hadi 2024, kisha ikaendelea na safari yake.

Mimi ni mwalimu. Kwetu ni Rungwe, upande wa Tukuyu, na sisi ni Wamoravian. Wasiotufahamu hudhani tofauti yetu na Walutheri ni jina tu, lakini waje kwetu usiku wa kuamkia Pasaka. Sisi Pasaka tunaianzia makaburini. Desturi hii ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, pale vijana wa kiume wa kijiji kile walipopanda kwenda makaburini kabla ya mapambazuko, wakaimba wakilisubiri jua. Wamisionari wao wakaisambaza kila walikokwenda, na Rungwe walifika mwaka 1891.

Jumamosi kwetu ni siku ya majembe na mafyekeo. Kila ukoo unasafisha makaburi ya watu wake, watoto wanatumwa maua, na wazee wanakaa pembeni wakionyesha kwa fimbo nani amelala wapi. Saa tisa usiku matarumbeta yanaanza kupita vijijini kuamsha watu. Baridi ya Rungwe mwezi wa nne si ya mchezo: unavaa sweta juu ya sweta, unajifunga kitenge, unatoka kwenye ukungu unaofunika migomba na mashamba ya chai, unafuata sauti tu. Na jambo linalonichekesha hadi leo ni kwamba katika ibada zote hizo za macheo nilizohudhuria utotoni, jua lenyewe sikuwahi kuliona. Masika kwetu haina habari na jua. Mchungaji anatangaza kwamba limechomoza, sisi tunaitika, na mbele yetu ni weupe mtupu.

Baba alikuwa mpiga tarumbeta, lile kubwa la besi. Jumamosi jioni alilisugua kwa majivu na kipande cha ndimu mpaka likang'aa, akalifuta kwa kitambaa cha shuka kuukuu. Ule mdomo wake wa kupulizia aliuchomoa na kuulaza karibu na jiko. Usiku kabla ya kutoka aliutumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto, akauweka mfuko wa shati, upande wa ndani, chini ya koti. Alisema shaba ya baridi inauma midomo na mtu akianza na midomo inayouma atakosea mpaka kukuche. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kuhusu kukosea noti alikuwa na maneno ya kutosha.

Katika ibada yetu ya makaburini kuna mahali mchungaji husoma majina ya waumini waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Hasomi ya miaka yote, ni ya mwaka huo tu. Jina lako linasomwa Pasaka moja, kisha unaungana na wale wengine wanaotajwa kwa jumla. Baba alifariki Agosti 2021. Kwa hiyo Aprili 2022 ndiyo ilikuwa zamu yake, na mimi nilikuwa Bagamoyo.

Sitaeleza sana kwa nini sikwenda. Mtumishi yeyote aliyepangiwa kazi mbali anaijua hesabu hii. Mapumziko ni Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka. Basi kutoka Dar es Salaam hadi Tukuyu ni siku nzima ya kukaa, kurudi ni siku nzima nyingine, na nauli za sikukuu kila mtu anazijua. Mazishini nilikuwa nimekwenda, deni la mazishi lilikuwa bado. Kaka akasema kwenye simu, "Dada, kaa huko, sisi tupo." Alikuwa na nia njema. Nilikata simu nikakasirika siku mbili.

Nilikuwa nimepanga chumba Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane ambaye ukuta wake wa mawe ya matumbawe ulikuwa umebomoka upande mmoja na kuzibwa kwa mabati. Usiku ule niliamshwa na kelele. Nikiwa bado nusu usingizini nilisikia ngoma, na akili yangu, ambayo ilikuwa imezoea miaka na miaka, ikaniambia ni matarumbeta, amka, utachelewa. Niliketi kitandani natafuta sweta kwenye joto la Bagamoyo. Walikuwa vijana wa mtaa wanapita na ngoma na madebe kuamsha watu wale daku. Saa ileile, karibu kabisa na saa ya kwetu.

Uani bibi alikuwa ameshawasha jiko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mwalimu, na wewe umeamka kula daku?"

"Leo Pasaka, bibi. Tunakwenda kusali pwani kabla jua halijatoka."

"Basi kaa ule. Huendi kumwomba Mungu na tumbo linanguruma, utamsikia nani?"

Akanipakulia wali wa nazi na maharage, nikala naye juu ya mkeka, mbalamwezi ikiwa juu yetu nyeupe kiasi kwamba niliweza kuchagua mawe kwenye wali. Tukashushia chai ya tangawizi. Aliniuliza kama kwetu nako tunaamshana. Nikamweleza habari za matarumbeta. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema vijana wa hapa hata ngoma hawajui kuipiga siku hizi, wanagonga tu.

Nilitoka kupitia vichochoro vya nyumba za kale, milango ya nakshi imefungwa, ndani taa zinawaka na vyombo vinagongana. Sijawahi kutembea peke yangu usiku nikiwa na amani kama ile. Mji mzima ulikuwa macho.

Ufukweni maji yalikuwa yamejaa. Mbalamwezi huja na maji ya bamvu, na pwani yetu hii hujaa alfajiri na kupwa kabisa kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo sehemu ya mchanga tuliyopangiwa ilikuwa imebaki kiasi cha kibaraza. Tulijibana kati ya bahari na ngalawa zilizovutwa juu, wengine wamekalia kingo za vyombo, watoto wamelazwa ndani yake kwenye nyavu. Harufu ya dagaa ilikuwa kali. Kwaya ya vijana ilikuja na kinanda chao cha betri ambacho kililia kidogo na kukata kauli, wakabaki na ngoma moja na kayamba.

Nilipowaangalia wale watu nilitambua ni kusanyiko la barua za uhamisho. Muuguzi wa kutoka Singida, askari na mkewe Wahaya, walimu wenzangu, mhasibu Mchaga, dereva Mgogo, na mchungaji mwenyewe mtu wa Njombe. Walutheri, Waanglikana, sisi Wamoravian wawili au watatu. Wakatoliki hawakuwapo, maana wao walikesha Jumamosi usiku kule misheni na hapana shaka wakati ule walikuwa wamelala. Kila mmoja pale alikuwa na Pasaka nyingine kichwani. Wachaga walisema kwao hata wao huanzia makaburini. Waliosimama karibu yangu walikuwa wananong'ona juu ya nyama.

Hatukuwa na spika, na hilo lilikuwa kwa makusudi. Mchungaji alisubiri adhana ya alfajiri iishe, na ya msikiti wa pili, na wa tatu ambao siku zote huwa nyuma kidogo, ndipo akasimama mchangani bila viatu, kanzu ameikunja kwa mkono mmoja isilowe, akapaza sauti: "Bwana amefufuka!"

Tukajibu: "Amefufuka kweli kweli!"

Mahubiri yalikuwa ya Yohana 21. Wanafunzi wamevua usiku kucha hawakupata kitu, kunapambazuka, mtu amesimama ufukweni anawaambia watupe wavu upande wa kuume. Wanapata samaki 153, na wakifika nchi kavu wanakuta moto wa makaa na samaki juu yake na mkate. Nimesikia mahubiri mengi ya Pasaka na mengi ni marefu kuliko yanavyohitaji. Hili lilikuwa fupi, pengine kwa sababu maji yalikuwa kwenye vifundo vya mhubiri.

Sasa, nyuma yetu alikuwa amekaa mzee mmoja mvuvi, ametoka kuswali, anashona wavu wake na kutusikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mchungaji aliposema kwamba usiku ule wote hawakupata kitu, mzee akatikisa kichwa, akamwambia kijana aliyekuwa naye, si kwa kunong'ona: "Mbalamwezi hiyo. Wangesubiri giza."

Waliosikia tulicheka mpaka mchungaji akasimama. Akauliza kuna nini, akaelezwa, naye akacheka. Mimi nilipiga hesabu baadaye na nadhani mzee yule hakuwa mbali. Karamu ya Pasaka ya Kiyahudi huwa mwezi umepevuka, na kisa hiki kinakuja baada ya hapo, ingawa Yohana hasemi ni siku ngapi baadaye. Sijaona mchambuzi wa Biblia aliyelisema hili. Wengi wao, nadhani, hawajawahi kukaa na wavuvi wa dagaa.

Kisha tukageuka mashariki kulisubiri jua. Bagamoyo jua hutoka baharini, upande wa Unguja, na mwezi wa nne hutoka saa kumi na mbili na nusu kasoro dakika chache. Kwa mara ya kwanza maishani ningeliona jua la Pasaka. Saa ikafika. Palepale lilipotakiwa kutoka palikuwa pamekaa wingu zito, jeusi, la masika, limelala juu ya maji kutoka kaskazini hadi kusini. Kwaya ikaimba wimbo wa macheo ikaumaliza. Ikarudia. Ikarudia ubeti wa mwisho. Nyuma yetu, juu ya mapaa ya mji, mwezi ulikuwa bado haujatua, mkubwa na wa manjano, na watu wengi wakawa wanautazama huo kwa kukosa kazi.

Ni katika kungoja kule mchungaji aliposema, "Walioondokewa mwaka huu, tajeni majina ya watu wenu, tutawaombea." Hakuwa na orodha. Watu wakaanza kutaja, mmoja mmoja, bila mpangilio. Yule muuguzi alitaja majina mawili. Askari alitaja mtoto. Mimi nilitaja jina la baba, majina yake matatu yote, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa lafudhi ya kwetu. Mama mmoja Mnyakyusa ambaye sikuwa hata nikimfahamu aligeuka upande wa pili wa umati akaniambia, "Ndaga, mwanangu." Pole na asante kwetu hukaa karibu.

Jua likatoka likiwa limeshapanda, kupitia tundu la wingu, likatupiga machoni sote kwa mara moja. Hapakuwa na uzuri wowote wa picha. Lilikuwa kali, watoto wakaamka wakilia.

Simu yangu ililia nikiwa bado mchangani. Kaka. Ibada ya kwetu ilikuwa imekwisha. Nilimwuliza swali moja tu.

"Wamemsoma vizuri. Ila jina la kati amelikosea."

"Amelikosea vipi?"

"Amelikosea tu. Mchungaji ni mgeni."

"Na nyinyi mkanyamaza?"

"Dada, makaburini? Tungefanya nini?"

Nikamwambia hapa nimelitaja mimi na sikulikosea. Akacheka, akasema basi afadhali, lile la Bagamoyo ndilo litahesabiwa.

Mchana wa Ramadhani Bagamoyo hauna mahali pa kula hadharani, na mtu mwenye adabu hatafuti. Baada ya kulala kidogo nilitembea. Nilipita kwenye msalaba wa ufukweni unaokumbusha kufika kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, nikafuata njia ya miembe mpaka misheni. Walipofika walinunua watumwa na kuwapa uhuru, wakajenga kijiji cha waliokombolewa. Nilikaa makaburini kwao. Wamisionari wale wengi walikufa vijana, kwa homa, mbali kabisa na mama zao. Kulikuwa na mkulima wa bustani anafagia majani, tukasalimiana, akaniacha.

Hapo ndipo pia kulipo mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa tarehe 24 Februari 1874. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi na Chuma, watumishi wake, na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti hukohuko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani hii. Alizikwa London, Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Watalii huja kumwona Livingstone. Mimi siku ile niliwafikiria wabebaji. Mtu anabeba mwili wa mtu asiye wa ukoo wake miezi na miezi, kupitia nchi za watu wanaoogopa maiti, ili tu akazikwe kwao. Chuma alifia Zanzibar mwaka 1882 na Susi hukohuko mwaka 1891, wote wawili mbali na kwao, na wao hakuna aliyewabeba.

Jioni bibi aliniita kwenye futari. Uji wa pilipili manga, tende, tambi, na sufuria ya ndizi mbichi zilizopikwa kwa nazi. Nilipoziona ndizi nilicheka peke yangu. Mnyakyusa anaweza kwenda hadi mwisho wa bara, ndizi zitamfuata. Kwetu ningezila kwa nyama au maziwa. Hizi zilikuwa na papa mkavu, na sitadanganya, ya nazi ni bora. Wajukuu walikuwa wanashindana nani amefunga siku nyingi. Bibi aliponiongezea mara ya pili aliniuliza, "Baba yako alikuwa akiitwa nani?" Nikamwambia. Akalirudia, akalikosea, nikamrekebisha, akalirudia tena mpaka akalipata.

Pasaka ya 2023, tarehe 9 Aprili, nilipata ruhusa mapema nikaenda nyumbani. Saa tisa usiku nilikuwa barabarani na sweta mbili, kwenye ukungu uleule. Tarumbeta la besi sasa analo mtoto wa kaka, kijana wa kidato cha pili, amelisugua kwa dawa ya meno kwa sababu ameona kwenye simu kwamba ndiyo inavyofanywa. Majina yalisomwa. La baba halikuwemo, kama ilivyo desturi. Jua hatukuliona. Na kijana, ambaye aliambiwa na kila mtu aupashe moto ule mdomo na hakusikia, alikosea noti ya tatu, kisha ya saba, kisha akaacha kabisa kupuliza akawa anajishika midomo. Baba angemkemea palepale, mbele ya mchungaji.